Kuinua pikapu sentimita tano: anza na mzani, shokapu mwisho

Ukienda kununua springi za kuinua pikapu, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka ipande kiasi gani?" Swali hilo lilipaswa kuwa la tatu. La kwanza ni gari lina kilo ngapi mbele na ngapi nyuma likiwa limebeba vile linavyobeba siku nyingi. La pili, limekaa kwenye kimo gani sasa hivi. Pikapu ambazo baada ya kuinuliwa zinaruka kama mbuzi, zinagonga "tak" kila zikishuka tuta, au zinakula tairi upande mmoja, karibu zote zilianzia kwenye swali la kimo.

Basi anza kwa mzani. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, tangi la mafuta likiwa limejaa, vifaa vyako vya kila siku vikiwa ndani. Halafu chukua futi kamba, egesha gari mahali tambarare, na upime kutoka katikati ya habu ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini. Ukipima kutoka ardhini unapima na upepo wa tairi pia, na tairi moja yenye upepo mdogo itakudanganya milimita kumi nzima. Andika namba zote nne. Utazihitaji baada ya kazi, na utazihitaji tena mwezi mmoja baadaye.

Usishangae pande mbili zikitofautiana. Dereva, tangi la mafuta na betri haviko katikati ya gari, kwa hiyo upande mmoja kuwa chini kwa milimita 5 hadi 10 ni jambo la kawaida. Watengenezaji wengine hutoa springi ya kushoto na ya kulia zenye urefu tofauti kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Zikija na alama, heshimu alama.

Tunaposema kuinua kidogo tunazungumzia milimita 40 hadi 50 juu ya kimo cha kiwandani. Mpaka huo umewekwa na vyuma. Kwenye pikapu yenye amu mbili mbele (mikono ya chuma, wa juu na wa chini, inayoshika gurudumu) na ekseli ngumu nyuma, ndani ya milimita 50 boljointi (viungo vya mviringo kwenye ncha za amu), sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) na hosi za breki kwa kawaida bado zinafanya kazi kwenye pembe zinazovumilika. Ukivuka hapo na kuelekea 75, kila kitu kinaanza kudai nafasi yake: amu mpya za juu, kushusha difu ya mbele, hosi ndefu, na bei yake inakuwa kazi nyingine kabisa. Kumbuka pia gari lako lilikwisha kushuka. Springi za miaka kumi zinaweza kuwa zimelala milimita 20 chini ya kimo chake cha awali, hivyo anayesema "nimeinua sentimita saba" huenda ameinua tano na kurudishiwa mbili zake.

Na jambo moja ambalo wengi hawalitegemei: springi haziinui difu ya nyuma. Kwenye ekseli ngumu, difu iko pamoja na magurudumu, kwa hiyo chesi itapanda na difu itabaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, maana yake difu inapanda 13 tu, na spidomita inasoma pungufu kwa takriban asilimia 3. Ikiwa shida yako ni difu kugusa mawe, fikiria matairi kabla hujagusa springi.

Sasa mbele. Pikapu nyingi za siku hizi zina springi ya koili iliyovaa shokapu katikati yake, vyote kama mguu mmoja, na mguu huo haukai kwenye gurudumu. Unakaa katikati ya amu ya chini. Amu ni wenzo. Gurudumu likipanda milimita 100, mguu unabonyea labda 55. Huo uwiano, tuuite 0.55 kwa mfano, ndio unaoharibu hesabu za watu wengi. Mtu anataka ipande milimita 50, anaweka spesa (kipande cha kujaza nafasi) ya milimita 50 juu ya mguu, gari linapanda 90, na sivi jointi zinaanza kulia kabla hata ya kutoka karakana. Spesa ya milimita 25 ndiyo inayotoa takriban 45 kwenye gurudumu. Uwiano wa gari lako unaweza kuupima mwenyewe: pima umbali kutoka egemeo la ndani la amu ya chini hadi boliti ya mguu, gawanya kwa umbali kutoka egemeo hilo hilo hadi boljointi ya chini. Mguu ukiwa umelala kwa pembe, uwiano halisi unapungua kidogo zaidi.

Ugumu wa springi nao unapita kwenye wenzo huo, tena mara mbili, kwa hiyo uwiano unazidishwa kwa wenyewe. Springi ya nyutoni 110 kwa milimita (nguvu ya kuibonyeza milimita moja), kwenye uwiano wa 0.55, inahisiwa na gurudumu kama 33 tu. Ndiyo maana springi ya mbele ukiitazama mezani inaonekana ngumu ya kutisha, na ikifungwa inakuwa ya kawaida.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye mzigo. Umefunga ngao ya chuma na winchi, jumla kilo 80, na vyote vimekaa sentimita 80 mbele ya ekseli. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.1. Ekseli ya mbele haibebi 80, inabeba kama 100, kwa sababu mzigo ulio mbele ya ekseli unainyanyua nyuma kidogo kama mzani wa watoto. Ekseli ya nyuma inapungukiwa na zile 20. Kilo 50 kila gurudumu ni karibu nyutoni 490, gawanya kwa 33, pua inashuka milimita 15. Ukinunua springi za "kuinua 50" zilizotengenezwa kwa gari lisilo na ngao, utapata 35. Na ukinunua zilizotengenezwa kwa ngao na winchi ukazifunga kwenye gari tupu, utapata 65 na gari gumu linalotembea kama linaogopa barabara. Hivyo ukisoma karatasi ya springi, maneno muhimu kuliko milimita ni yale yanayotaja mzigo: bila ngao, ngao bila winchi, ngao na winchi. Chagua sanduku linalolingana na gari lilivyo leo. Springi za gari unaloliota, zinunue siku utakapolijenga.

Muuzaji akikuambia springi hii ni nene zaidi kidogo tu, mwulize nene kiasi gani. Ugumu wa koili unakwenda na unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 16 badala ya 15, kipenyo na idadi ya mizunguko vikiwa vile vile, unatoa ugumu wa karibu asilimia 30 zaidi. Milimita moja! Kuhusu kukata koili au kuipasha moto ili kurekebisha kimo, hilo lisijadiliwe. Moto unaharibu ugumu wa chuma uliotiwa kiwandani, na springi itakatika au italala.

Spesa zenyewe ni za aina mbili na watu huzichanganya. Kuna ile inayokaa juu ya mguu mzima, kati ya kofia yake na chesi. Hii haiongezi ugumu wa springi hata kidogo, ila inausukuma mguu wote chini. Matokeo yake gurudumu linaweza kuning'inia chini kuliko kiwanda kilivyokusudia, kwa sababu kwenye pikapu nyingi kinachozuia gurudumu lisining'inie zaidi ni shokapu yenyewe kufika mwisho wake. Boljointi ya juu inafika ukingoni mwa pembe yake, sivi jointi inapinda kupita kiasi, na amu ya juu inaweza kugusa koili. Upande wa pili nao una hatari yake: gurudumu likipanda hadi mwisho, mguu uliosukumwa chini unaweza kufunga ndani kabla raba ya kugotea haijafanya kazi, chuma kwa chuma, na vali ya chini ya shokapu ndiyo inayolipa.

Aina ya pili inakaa kati ya koili na sahani yake, ndani ya mguu. Hii inaibana springi kabla. Urefu wa shokapu haubadiliki, kwa hiyo gurudumu halining'inii kupita kiwanda, lakini sasa gari limekaa juu na nafasi ya kushuka imeliwa. Chukua gurudumu lenye mwendo wa milimita 200, na kiwandani linakaa likiwa na 90 za kushuka na 110 za kupanda. Liinue 50 kwa shokapu ile ile: zimebaki 40 za kushuka. Kila shimo dogo shokapu inafika mwisho wake wa kufunguka na kupiga ule mlio wa "tak". Fundi atabadilisha boljointi, atabadilisha bushi za stebilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona), mlio utabaki pale pale. Springi ndefu zikifungwa na shokapu ya zamani zinaleta shida hii hii, na hapa ndipo ilipo sababu ya kununua shokapu ndefu pamoja na springi. Spesa ya juu ya mguu, isiyozidi kile kinachotoa milimita 25 hadi 30 kwenye gurudumu, inakubalika kwa anayetaka tu kusawazisha pua. Zaidi ya hapo, springi na shokapu sahihi ni nafuu kuliko spesa pamoja na sivi jointi.

Nyuma kuna springi za pleti, na hapa kosa huwa moja kwa asilimia kubwa ya magari: mwenye gari anajidanganya kuhusu mzigo. Springi za nyuma huuzwa kwa mzigo wa kudumu, yaani ule usioshuka kamwe: kanopi, droo za vifaa, tangi la akiba. Mzigo wa Jumamosi moja kwa mwezi hauhesabiwi. Springi iliyopangiwa kilo 300 za kudumu inafika kimo chake kilichoandikwa ikiwa na kilo 300 mgongoni. Kila upande unabeba 150, karibu nyutoni 1,470; ugumu ukiwa 40 kwa milimita, hiyo ni milimita 37. Ifunge kwenye pikapu tupu, na ile 50 ya kwenye sanduku inakuwa karibu 90. Nyuma itakuwa juu kama ya nzige, propela shafti (ile inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma) itatetemeka, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati ekseli itarukaruka hadi gari lihame njia kwenye kona. Kwa anayebeba mara chache, springi laini yenye pleti nene ya akiba chini, inayoguswa tu mzigo ukizidi, ni chaguo zuri kuliko fungu zima lililo gumu muda wote.

Kuongeza pleti moja kwenye fungu la zamani ni njia halali, lakini angalia urefu na unene. Pleti fupi nene katikati huinua vizuri na kuvunja pleti ya juu yake pale ncha yake inapoishia, kwa kuwa mkunjo wote umekusanyika hapo. Chukua ndefu inayokaribia macho ya springi, yale matundu ya ncha zake. Unene nao una hesabu yake: ugumu wa pleti unakwenda na unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, hivyo pleti ya milimita 8 ni ngumu kwa karibu nusu zaidi ya ile ya 7. Na fungu lililokwisha kulala halitafufuliwa na pleti moja mpya. Pleti mpya itabeba kila kitu peke yake hadi ichoke nayo.

Shakeli, kile kiungo kinachochezacheza nyuma ya springi, watu wanapenda kukibadilisha kwa kirefu. Kinatoa nusu tu ya urefu ulioongeza: milimita 50 za ziada zinatoa kama 25 kwenye ekseli. Kinageuza pia pembe ya difu, na gari linayumba kidogo kwa pembeni. Lakini somo kubwa la shakeli ni pembe yake. Gari likiwa limesimama na mzigo wake wa kawaida, shakeli iegemee nyuma kidogo kwa upande wake wa chini, ili springi ikibonyea na kurefuka ipate pa kwenda. Springi mpya yenye upinde mkubwa ina macho yaliyokaribiana zaidi, hivyo inaivuta shakeli mbele. Ikisimama wima au ikiegemea mbele, springi mpya nzuri itajisikia kama ubao, na wengi huilaumu springi au shokapu kumbe ni shakeli.

Bloku za chuma kati ya springi na ekseli zinatoa milimita kwa milimita. Moja tu, nyuma tu, iliyotengenezwa kipande kimoja na yenye kichwa cha kuingia kwenye tundu la ekseli. Bloku mbili kupandana, au bloku kwenye ekseli ya mbele inayoongoza, ni kuomba ajali. Hata ile moja inaongeza wenzo: ukikanyaga mafuta ekseli inajizungusha na kuipinda springi kama herufi S, halafu inaachia. Hiyo dundo unayoisikia ukiondoka kwenye mlima ndiyo yenyewe.

Springi zikishajulikana, ndipo unazungumza shokapu. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza. Kwa hiyo anayenunua shokapu ngumu ili gari lisilale amenunua dawa ya ugonjwa mwingine. Kinachotakiwa ni kwamba nguvu ya shokapu wakati wa kufunguka ilingane na springi inayoisukuma. Kanuni ya kuanzia: uzito ukiwa ule ule, springi ikiongezwa ugumu kwa asilimia 20, shokapu inahitaji kama asilimia 10 zaidi, si 20. Shokapu laini kwenye springi ngumu, gari linaendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu baada ya tuta. Shokapu ngumu mno wakati wa kufunguka, kwenye mawimbi mfululizo gurudumu halipati muda wa kurudi chini, gari linajikusanya na kushuka taratibu hadi linagonga raba za kugotea. Dalili hiyo ya pili inatafsiriwa vibaya kila mara. Dereva anasema "springi ni laini", anaongeza springi, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kuhusu aina, bomba mbili au bomba moja. Ya bomba mbili ina mafuta na gesi ya shinikizo dogo, pistoni yake ni ndogo, mara nyingi kama milimita 35, na ni laini kwa matumizi ya kila siku. Jiwe likibonyeza bomba la nje, bado inafanya kazi. Udhaifu wake ni joto: kwenye mawimbi marefu mafuta huchanganyika na gesi, yanatoka povu, na shokapu inageuka kuwa pampu ya hewa hadi ipoe. Kuna zilizowekewa sponji badala ya gesi huru ili kupunguza povu hilo, na bomba kubwa lenye mafuta mengi linachelewa kuchemka. Ya bomba moja ina pistoni kubwa, 46 ni kipimo cha kawaida, na naitrojeni ya shinikizo kubwa iliyotenganishwa na mafuta kwa pistoni ya pili. Inapoa haraka kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja. Lakini ukuta huo huo ndiyo njia ya pistoni. Jiwe likiubonyeza, imekwisha. Gesi yake pia inausukuma mhimili (ile fimbo inayong'aa ya shokapu) nje muda wote, hivyo usishangae gari likipanda milimita chache kwa kubadilisha shokapu tu. Kwa maoni yetu, pikapu ya kazi inayokwenda mwendo wa wastani na mizigo haihitaji bomba moja. Inahitaji bomba mbili pana lenye vali iliyopangwa kwa springi husika. Anayekimbiza gari saa nyingi kwenye vumbi ndiye atakayeona thamani ya bomba moja.

Urefu ndio unaopuuzwa. Kwa shokapu ya nyuma, fanya hivi baada ya springi mpya kufungwa. Gari likiwa limesimama, pima kutoka jicho hadi jicho la shokapu, tuseme 510. Pima nafasi kati ya raba ya kugotea na mahali inapogusa, tuseme 100. Raba nayo inabonyea karibu nusu ya kimo chake, tuseme 25. Basi shokapu itabanwa hadi 385, na yako ikifungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko hapo kwa angalau milimita 10, yaani 375 au pungufu. Kisha nyanyua chesi hadi magurudumu yaning'inie na upime tena. Ukipata 600, tafuta inayofunguka hadi 610 au zaidi, ili isiwe shokapu inayoshikilia uzito wa ekseli yote. Ukikosa inayofaa pande zote mbili, linda upande wa kufunga kwanza. Shokapu fupi kidogo inagonga na kuchakaa. Shokapu ndefu kupita kiasi inatoboa chini yake au inang'oa kishikizo kwenye chesi. Unaweza pia kushusha raba ya kugotea kwa kipande cha chuma na kununua nafasi.

Siku ya kufunga, hatari kubwa ni koili. Springi ya nyutoni 110 iliyobanwa milimita 80 ina nguvu ya karibu nyutoni 8,800, kama kilo 900, na inatafuta pa kutokea. Kibano cha skrubu mbili za kukaba pembeni, chenye nyuzi kavu, si cha kazi hii. Tumia kibano cha mezani au mpe mwenye nacho. Nati ya juu ya mguu usiifungue wala kuifunga kwa spana ya hewa, maana mhimili unazunguka ndani na kuchana sili. Shika mhimili kwa ufunguo wake kichwani, kamwe si kwa plaizi kwenye sehemu inayong'aa. Mkwaruzo mmoja pale ni mafuta nje ndani ya wiki chache. Shokapu za bomba mbili zilizolala stoo, zisimamishe wima, zifungue na kuzifunga mara tano sita hadi mwendo uwe sawa mwanzo hadi mwisho, ndipo uzifunge.

Ukifungua mguu, funga kamba au waya amu na habu zisining'inie kwenye hosi ya breki wala waya wa ABS. Viungo vya stebilaiza fungua pande zote mbili kwa pamoja. Ukifungua upande mmoja, fimbo inakupinga na kidole kinaweza kubaki pale.

Nyuma, fungu la pleti lina mbele na nyuma: senta boliti mara nyingi haiko katikati, upande mfupi unakwenda mbele. Kichwa chake lazima kiingie kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kisipoingia ekseli itakaa mshazari na gari litatembea kama kaa. Yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Za zamani zimekwisha kuvutwa na nyuzi zake zimechoka, na fungu jipya huwa nene hivyo urefu wake hautoshi. Zifunge kwa kukingama, kidogo kidogo kila moja, hadi kipimo cha kitabu cha gari, ukitumia spana ya kipimo.

Halafu kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: kukaza boliti za bushi za raba gari likiwa juu ya jeki. Bushi za kawaida zimegandishwa kwenye vyuma vyake viwili, zinafanya kazi kwa kujisokota. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka chini zinakuwa zimesokotwa muda wote. Gari linakaa juu kuliko linavyopaswa, linakuwa gumu, na baada ya miezi michache raba inachanika. Ingiza boliti zote, zikaze nusu, shusha gari, liyumbishe, lisogeze mbele na nyuma mita chache, ndipo ukaze mwisho. Bushi za poliurethani ngumu zinazozunguka kwa grisi hazina shida hii, lakini zinadai grisi, la sivyo zinalia kama mlango wa zizi.

Sasa vile vidogo vinavyosahaulika. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Inapima gari limelala kiasi gani na kugawa nguvu ya breki. Ukiinua nyuma, vali inaamini gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinapungua hata ukiwa na tani moja mgongoni. Kishikizo cha fimbo hiyo kinapaswa kuinuliwa kwa kiasi ulichoinua gari, kisha kurekebishwa kama kitabu kinavyosema. Hosi ya breki ya nyuma, kebo ya hendibreki na bomba la kupumulia la difu vikaguliwe magurudumu yakiwa yananing'inia kabisa. Gari likiwa chini vyote vinaonekana vina nafasi. Taa za mbele nazo zishushwe.

Mtetemo wakati wa kuondoka, unaotoweka ukifika mwendo wa kati, ni pembe ya propela shafti. Kwenye shafti ya vipande viwili, kushusha senta beringi kwa vipande vya milimita 10 hadi 15 mara nyingi kunatosha. Pembe ya difu yenyewe hurekebishwa kwa kabari ya chuma ya digrii 2 hadi 4 kati ya springi na ekseli. Alumini hupasuka hapo; tumia chuma.

Wili alaimenti si hiari. Mbele ikipanda, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inapungua na too (magurudumu kuelekeana ndani au nje) inahama. Kasta ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Ikishuka mno gari linakuwa jepesi na la kutangatanga, dereva anasahihisha kila sekunde. Mwombe fundi wa mashine atoe kasta yote inayopatikana kwanza, kushoto na kulia zikilingana, kisha kemba (gurudumu kulala ndani au nje kwa juu), kisha too. Ukiona boliti za kurekebishia zimefika mwisho na kasta bado iko chini ya digrii 2, hapo ndipo amu mpya za juu zinapoanza kustahili fedha zake. Alaimenti ya siku hiyo ni ya muda. Springi mpya hulala milimita 5 hadi 10 wiki za mwanzo, kwa hiyo rudi baada ya kilomita 500 hadi 1,000 kwa alaimenti ya kudumu.

Kabla ya hapo, kwenye kilomita 100 za kwanza, chukua spana ya kipimo na uguse yuboliti zote. Karibu kila mara zitakubali kukazwa kidogo, kwa sababu pleti na rangi yake zimejikalia. Rudia kwenye 500 na kwenye 1,000. Toa futi kamba, pima habu hadi madigadi, linganisha na ile karatasi ya namba nne. Kona moja ikiwa imeshuka zaidi ya nyingine kwa milimita 10 au zaidi ya tofauti ya awali, angalia kama koili imekaa sawa kwenye kidato cha sahani yake. Mwisho wa waya ukipanda juu ya kidato wakati wa kufunga, unakaa hapo hadi shimo la kwanza kubwa, kisha unateleza na kuingia mahali pake, na upande huo wa gari unashuka kwa usiku mmoja.